Nafaka Chumbani, Gesi Ghalani

Hoja: Vidonge vya kufukizia nafaka visiuzwe tena rejareja kwa wakulima wa milima ya Usambara. Kazi ya gesi wabaki nayo wafukizaji wenye kibali, na mazao yahifadhiwe katika maghala ya pamoja.

MUUGUZI: Nianze na lililo zito. Mtu akiletwa amekunywa dawa ya kupulizia nyanya, mara nyingi ninayo atropini ya kumchoma, na tunaweza kupigana. Akiletwa amevuta fosfini, yaani ile gesi inayotoka kwenye vidonge vya kufukizia mahindi, au amemeza kidonge chenyewe, sina cha kumchoma. Duniani kote haijapatikana dawa ya kuifuta sumu hiyo mwilini. Unampa oksijeni, unamtundikia dripu, unausaidia moyo kadiri vifaa vinavyoruhusu, unasubiri. Tena dalili zake hudanganya: kichwa kinauma, kichefuchefu, kutapika, kifua kubana. Nyumba nzima ikiamka hivyo, watu watasema ni chakula cha jana. Kitu cha namna hii hakifai kuuzwa kimoja kimoja, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti bila lebo.

MKULIMA: Mwanangu, nimekusikia. Nisikilize na mimi. Maharage yangu nikiyaacha hivi hivi, mwezi wa tatu yameshabunguliwa. Ukichota kiganjani unakuta punje zina vitundu vya mviringo, unga unamwagika, na vidudu vinatembea. Mnunuzi akiona hivyo anakata bei au anageuka na gari lake. Mahindi nayo yana fukusi, na kule chini Mombo na Mazinde dumuzi ndiye mwenye nyumba. Kidonge kimoja nakifunga kwenye kitambaa, natia katikati ya gunia, nafunga kamba. Baada ya wiki wadudu wamekufa. Hiyo ndiyo dawa ninayoimudu. Mkiiondoa dukani, mtaniachia ipi?

MUUGUZI: Gunia hilo linalala wapi, mama?

MKULIMA: Chumbani. Ningelilaza wapi? Nje linaibiwa.

MUUGUZI: Na nani analala chumba hicho?

MKULIMA: Wajukuu.

MWENYE GHALA: Hapo sista yuko sahihi na sitambishia. Ila naomba mjadala huu usiishie kwenye kulaani gesi, maana gesi yenyewe haina mwenzake. Mdudu wa maharage hakai juu ya punje akusubiri. Yai hutagwa nje, kiluwiluwi hutoboa na kuingia ndani, na humo ndani hula hadi akomae. Dawa ya unga hubaki kwenye ganda. Gesi hupenya gunia, hupenya punje, humfuata alipo, na ukishaifungulia ikatoka, haiachi kwenye chakula mabaki ya kutisha kama unga. Ndiyo maana Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hulinda maelfu ya tani kwa njia hii, na meli za nafaka duniani kote hufukizwa vivyo hivyo. Ninachokipinga ni kidonge kutumika mahali pasipofungika.

BWANA SHAMBA: Tulifafanue hilo la kufungika. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi kinapokutana na unyevu wa hewa. Lebo hupanga vidonge vichache kwa tani nzima, yaani magunia kumi ya kilo mia. Mama anatia kimoja kwa gunia moja. Kwa hesabu hiyo amezidisha mara kadhaa, na bado amepunguza, kwa sababu gunia la kusuka linavuja kila mahali. Gesi inajaa chumba badala ya kukaa kwenye maharage. Wadudu wakubwa wanakufa, anawaona, anaridhika. Mayai na mabuu waliojificha ndani ya punje ni wagumu zaidi, wanahitaji gesi ya kutosha kwa siku nyingi mfululizo. Wengi wao wanapona, na mwezi unaofuata gunia linaanza upya.

MKULIMA: Ndiyo maana narudia kidonge.

BWANA SHAMBA: Ndiyo maana unarudia, mama. Kisha kuna baridi yetu. Mwongozo unaofuatwa na wafukizaji wengi unataka siku saba pakiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi, siku kumi kati ya nyuzi 15 na 25, na chini ya nyuzi 15 haushauri kufukiza kabisa, kwa kuwa kidonge hutoa gesi polepole na mdudu aliyepoa hupumua kidogo, hivyo huvuta sumu kidogo. Sasa fikirieni Shume au Magamba mwezi wa saba, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Anayefuata maelekezo ya muuza duka wa Korogwe atakosea huku juu hata akiwa mwangalifu.

MUUGUZI: Na kidonge kinachotoa gesi polepole maana yake wajukuu wanaivuta kwa usiku mwingi zaidi. Watu husema watainusa. Kweli ina harufu kama ya kabaidi au kitunguu saumu, lakini harufu inaweza kupotea na gesi ikawa bado ipo. Pua si kipimo.

MKULIMA: Mnaongea kama vile mimi ndiye niliyebuni kulala na magunia. Nitawaambia yalivyofika chumbani. Kwa mama yangu mahindi yalikaa darini, juu ya jiko, na magunzi yake. Moto uliwaka kila siku, moshi ukapanda, mahindi yakawa meusi kama masizi na mdudu hakuyapenda. Maharage tulichanganya na majivu. Halafu akaja dumuzi. Tukaambiwa pukuchueni, changanyeni dawa ya unga, tieni kwenye magunia. Tukatii. Mahindi yaliyopukuchuliwa hayaning'inizwi darini, yanataka gunia, na gunia linataka chumba chenye kufuli. Nani alituambia tupukuchue? Si ninyi mabwana shamba?

BWANA SHAMBA: Ni sisi, na kwa wakati ule kulikuwa na sababu. Dumuzi si mdudu wa huku. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapa nchini alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vipimo vilivyofanywa huko vilikuta magunzi yaliyopoteza hadi asilimia 34 ya uzito ndani ya miezi michache. Wakulima walimwita Scania, kama lori. Yeye hupenda punje iliyoshikamana na gunzi, pale hupata mahali pa kujikaza na kutoboa. Ukipukuchua unamnyima mguu. Na ile dawa ya unga, Actellic Super, ilichanganywa dawa mbili kwa makusudi, moja ya fukusi na nyingine ya dumuzi, kwa kuwa kila mmoja huihimili dawa inayomuua mwenzake. Gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Ilifanya kazi.

MKULIMA: Ilifanya kazi ilipokuwa dawa. Siku hizi nanunua pakiti, nachanganya, na fukusi anatembea juu yake. Sijui kama ni feki au imechakaa dukani. Kidonge angalau nikikitia naona mizoga.

MWENYE GHALA: Shangazi, kwa hiyo hoja yako ni ya uaminifu wa dawa, wala si ya gesi. Mimi naweza kukuonyesha gesi inayofanya kazi bila kumgusa mjukuu. Magunia yanapangwa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta. Vidonge vinawekwa kwenye trei, visigusane wala kudondokewa na maji, maana vikilowa huweza kuwaka moto. Turubai linafunika tita zima hadi sakafuni, na kingo zake zinalaliwa na mifuko mirefu ya mchanga. Mlango unafungwa, alama ya fuvu inabandikwa, mlinzi anakaa nje. Siku zikitimia tunafungulia, na hakuna anayeingia bila kinyago chenye kichujio hadi kipimo kisome chini ya sehemu 0.3 katika milioni. Majivu ya vidonge tunayakusanya na kuyafukia. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda mamlaka, TPHPA, yenye kazi ya kusimamia viuatilifu na wanaovitumia. Njia ipo.

MUUGUZI: Umeieleza vizuri, na ningependa iwe hivyo kila siku. Nikuulize: anayelivuta hilo turubai ni nani?

MWENYE GHALA: Vijana wa kazi.

MUUGUZI: Makuli wa kulipwa kwa siku. Vinyago viko vingapi?

MWENYE GHALA: Viwili.

MUUGUZI: Na vijana?

MWENYE GHALA: Huwa sita. Lakini wanne hawaingii hadi ghala lipate hewa.

MUUGUZI: Nakuamini kwamba ndivyo unavyoagiza. Naogopa siku ambayo lori limeshafika, dereva anapiga honi, na kipimo kimeisha betri. Kibali peke yake hakizuii gesi. Mwaka 2010 kule Layton, Utah, Marekani, mtu mwenye leseni ya kazi hii alitia vidonge vya aina hii kwenye mashimo ya panya karibu na nyumba. Gesi ikaingia ndani. Watoto wawili wa familia moja wakafa, na kule ni Marekani, penye maabara na hospitali kubwa. Kwa hiyo unapotaka kunipokonya hofu kwa neno kibali, bado siitoi.

MWENYE GHALA: Mfano huo unanisaidia mimi zaidi yako. Yule aliweka gesi karibu na watu wanaolala. Ghala langu halilali mtu. Ukiwa na hofu ya kweli, sista, basi unapaswa kuwa wa kwanza kutaka nafaka itoke majumbani. Kumbuka tauni.

MKULIMA: Usiitaje kirahisi. Tuliizika.

MWENYE GHALA: Siitaji kirahisi, shangazi. Tauni iliingia wilaya hii ya Lushoto mwaka 1980, ikarudi na kurudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Maelfu waliugua, mamia wakafa, watu wa vijiji vya jirani wakaogopa hata kwenda kuzika. Wataalamu wa panya kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja mara nyingi, na moja ya mambo waliyoyakuta ni hili: panya hufuata nafaka ndani, viroboto humfuata panya, na watu wamelala sakafuni jirani na magunia. Gesi ya chumbani huua wadudu wiki hii, lakini chakula kinabaki palepale kikimwita panya mwaka mzima. Ghala la pamoja lingekata mnyororo huo wote.

MUUGUZI: Hilo nakubali lote.

MKULIMA: Mimi silikubali lote. Nyie mnaona nafaka, mimi naona ada ya shule, dawa ya mtoto, na wageni wa msiba. Nikiwa na gunia ndani, mtoto akirudishwa shuleni leo nachota debe, nakwenda gulioni, jioni nina hela. Nikiwa nimepeleka kwako nina karatasi. Karatasi haipikwi. Tena kwako mahindi yangu niliyoyaanika wiki mbili yatamwagwa pamoja na ya jirani aliyevuna mabichi.

MWENYE GHALA: Stakabadhi ya ghala ina nguvu ya kisheria tangu 2005. Unaweza kuiwekea mkopo.

MKULIMA: Mkopo wa debe moja? Benki gani ya Lushoto itanikopesha debe moja saa kumi jioni?

MWENYE GHALA: Hapo sina jibu zuri. Ghala linaweza kuwa na dirisha la kutolea kidogo kidogo. Linataka karani, linataka mizani, na gharama yake italipwa na wenye mazao.

BWANA SHAMBA: Na unyevu je? Mama amegusa jambo ambalo tunalipita mbio. Gesi haikaushi nafaka wala haizuii kuvu. Mahindi yenye unyevu zaidi ya asilimia 13 hivi ukiyafunika turubai siku kumi, wadudu watakufa na kuvu itastawi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao ishirini katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, huko kwenye jua kali. Sisi tunaoanika kwenye ukungu tunapaswa kuogopa zaidi. Kabla ya kubishana kuhusu kidonge, kila mtu atie mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, aitikise, aiache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Kipimo hicho hakina gharama, na wachache sana wanakitumia.

MUUGUZI: Bwana shamba, umekaa katikati muda mrefu. Unaunga mkono hoja au huiungi?

BWANA SHAMBA: Naiunga kwa sababu ambayo hamjaitaja. Gesi hii ndiyo ya mwisho ya bei nafuu. Nyingine, methili bromaidi, ilikuwa inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana nayo kufikia 2015, isipokuwa kwa kazi za karantini. Imebaki fosfini. Na wadudu wameanza kuizoea. Uchunguzi wa FAO wa miaka ya 1972 na 1973 ulishakuta wadudu wa ghala wanaoihimili, na leo India na Australia wana wadudu sugu kabisa. Usugu huzaliwa mahali ambapo gesi inavuja, ikaua dhaifu na kuacha wagumu wazaane. Mahali hapo ni gunia la kusuka chumbani.

MKULIMA: Kwa hiyo wadudu wa Australia nao ni kosa langu?

BWANA SHAMBA: La hasha, mama. Huko walifukiza mabohari makubwa yaliyokuwa yakivuja.

MKULIMA: Mabohari. Ya wenye vibali.

MWENYE GHALA: Shangazi ananipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Sawa. Turubai lililotoboka ni gunia kubwa tu, nakubali.

MUUGUZI: Na ile mifuko isiyopitisha hewa? Mbona hamjaitaja? Haina sumu hata chembe.

BWANA SHAMBA: Mfuko wa PICS. Ulianzia Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Purdue kikiwasaidia wakulima wa kunde. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya mmoja wa kusuka, kila mmoja unafungwa peke yake. Wadudu wanatumia hewa iliyomo, oksijeni inashuka, wanaacha kula, wanakauka. Kwa maharage ni mzuri sana, hata mbegu inabaki na uhai wake. Kasoro zake tuziseme. Bei yake inanunua magunia kadhaa ya kawaida. Ukiufungua kila siku kuchota debe, unawapa wadudu hewa. Dumuzi anaweza kuutoboa. Na panya hajali umeandikwa nini.

MKULIMA: Panya aliutafuna wangu msimu wa kwanza.

BWANA SHAMBA: Kwa maharage kuna jambo dogo zaidi. Kiluwiluwi mchanga wa maharage huhitaji karibu siku nzima kutoboa punje, akijikaza kwenye punje ya jirani. Ukiliviringisha gunia lililojaa nusu asubuhi na jioni, unamtoa mahali pake kila mara, anachoka, anakufa kabla hajaingia. Ilishajaribiwa kitaalamu, na idadi ya wadudu hushuka mno.

MKULIMA: Hilo hukuniambia miaka yote unapita hapa.

BWANA SHAMBA: Sikukuambia.

MWENYE GHALA: Kwa magunia mawili, vizuri. Kwa tani themanini zinazosubiri kwenda Dar es Salaam, nani ataviringisha? Msifanye ghala lionekane anasa. Milima hii inavuna zaidi ya inachokula, na kisipolindwa kwa wingi kinauzwa kwa bei ya kutupa wiki ya mavuno.

MUUGUZI: Turudi kwenye hoja. Mimi nasema vidonge vitoke madukani sasa, kabla ya ghala, kabla ya mifuko. Ghala litachukua miaka, na mtoto anavuta usiku mmoja.

MKULIMA: Na mimi nasema ghala kwanza, mifuko kwanza, kisha mtoe vidonge. Mkianza na kutoa, havitakwisha. Vitauzwa chini ya meza, bila hata yule muuza duka wa kunionya. Leo angalau ananiambia ninawe mikono.

MUUGUZI: Kunawa mikono kwa gesi!

MKULIMA: Ndicho anachokijua. Mngemfundisha yeye, kabla ya kuja kunifundisha mimi.

MWENYE GHALA: Mkutano wa kijiji ukipitisha ghala, niko tayari kuchukua hata gunia moja la mtu mmoja, lenye alama yake, lisichanganywe. Ila likiwa chini ya turubai, siku kumi hakuna anayeingia, hata kukiwa na msiba.

MKULIMA: Basi nitakuletea manne, nibaki na mawili nyumbani. Na sista atakuja kuniuliza hayo mawili nayalinda kwa kitu gani.

MUUGUZI: Nitakuja. Na nikikuta kidonge chumbani nitakichukua, mama, hata ukinikasirikia.

MKULIMA: Kichukue. Lakini mkono mwingine uwe umeshika mfuko, na bwana shamba awe nyuma yako na dawa ya panya.

BWANA SHAMBA: Mfuko utalipiwa na nani?

MKULIMA: Hilo ndilo swali mlilopaswa kuanza nalo.